Scenicruiser ya Greyhound: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Scenicruiser ni basi la masafa marefu la zamani la Greyhound, kampuni ya mabasi ya Marekani, na watu wanalisemea mengi. "Lile ni basi la ghorofa." Hapana jamani. Abiria 10 wanakaa chini karibu na dereva, halafu unapanda vingazi unakuta wengine 33 juu, na chini ya hao wa juu hakuna mtu, ni buti la mizigo, choo kiko kule chini nyuma ya wale 10. Aliyelichora ni Raymond Loewy, mbunifu wa bidhaa na magari.

"Kampuni kibao za Marekani zililinunua." GM (General Motors) walitengeneza 1,001 tu, 1954 mpaka 1956, zote za Greyhound. Ukiona lenye jina lingine ubavuni ujue liliuzwa mtumba baadaye.

Sasa hili ndo linaniuma kabisa: "lenye V8 limechakachuliwa, sio orijino". Sikieni. Yalitoka kiwandani na injini mbili za dizeli, 4-71 zenye silinda nne nne, zimekaa ubavu kwa ubavu nyuma zinasukuma giaboksi moja, kwa sababu GM wakati huo hawakuwa na injini moja ya basi yenye nguvu ya kutosha, na mfumo huo ukawatesa mafundi miaka yote. Juu ya hapo bodi zikaanza kupasuka, na kumbuka mabasi haya hayana chasisi ya kutenganisha kama lori, bodi yenyewe ndo inabeba uzito wote. Basi 1961 na 1962 Greyhound wakayapeleka kwa Marmon-Herrington, kampuni ya magari ya Marekani, injini mbili zikatolewa, ikafungwa 8V-71 moja, ndiyo hiyo V8, na gia nne za mkono, bodi ikaongezewa vyuma vya kuimarisha. Yakapiga kazi hivyo miaka mingi kuliko yalivyotoka kiwandani! Kwa hiyo anayerestoa leo akang'oa vile vyuma ili lifanane na picha za 1954 anafuta historia ya basi, tena anarudisha ufa uleule, mi naona ni hasara kubwa sana.

"Injini inalia hivyo, dereva anaiua." Hiyo ni tu-stroki, kila silinda inawaka kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 2,100 kwa dakika sikio linadhani ni mara mbili yake.

"Dizeli ni dizeli, mwaga oili ya 15W-40." Usithubutu, hizi injini za Detroit Diesel za zamani, ndizo hizo 4-71 na 8V-71, zinataka oili ya gredi moja, namba 40.

Halafu kuna lile la "limelala chini, springi zimekatika". Halina springi za chuma, linakaa kwenye mabaluni ya upepo, likipaki muda mrefu upepo unatoka linashuka, ukiwasha kompresa ikajaza linapanda lenyewe, ila usije ukaingia uvunguni eti kwa sababu limesimama vizuri, weka stendi imara kwanza maana baluni la miaka hiyo likipasuka hupati nafasi ya kutoka.