Khalid hakuwa mpwa wa Hamad

Wiki iliyopita nimeletewa mswada mwingine wa maisha ya masultani wa Unguja niukague nasaba. Ukurasa wa pili tu nikakutana nayo: "Hamad alipofariki, mpwa wake Khalid akaingia kasri." Sentensi hii nimeisahihisha mara nyingi mpaka nimechoka, kwa hiyo naiandikia hapa, nipate mahali pa kuwaelekeza watu.

Hamad, aliyekuwa sultani, ni bin Thuwaini bin Said. Khalid ni bin Barghash bin Said. Thuwaini na Barghash ni ndugu wa baba mmoja, basi Hamad na Khalid wote ni wajukuu wa Seyyid Said, aliyetawala Oman na Unguja, na wamesimama daraja moja. Hakuna aliye mtoto kwa mwenziwe. Na hata Khalid angekuwa mtoto wa kaka yake Hamad, bado asingekuwa mpwa! Mpwa huzaliwa na dada. Mwenye mpwa ni mjomba. Mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, nami ni baba yake mkubwa au mdogo, au ami kama tusemavyo pwani. Neno moja limekosea mara mbili: limemshusha Khalid kizazi kizima, kisha likampitisha upande wa kike ambako hakutokea.

Nikisema hivi huambiwa, "Lakini Mwalimu, si wote ni ukoo mmoja?" Ndiyo, na ndiyo maana daraja ina uzito. Hamad alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid akaingia kasri siku hiyohiyo. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zikaanza kupiga mizinga, na kabla ya saa nne mambo yamekwisha. Alasiri akawekwa Hamoud bin Mohammed, naye pia mjukuu wa Seyyid Said. Wajukuu watatu, kila mmoja na baba yake. Ukimwita Khalid mpwa, msomaji anamwona kijana anayewaruka wakubwa zake. Ukimweka mahali pake, anamwona mtoto wa sultani aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, akidai kiti dhidi ya binamu yake Hamoud, ambaye baba yake hakuwahi kutawala kisiwani hapo hata siku moja, lakini Waingereza walimtaka. Hizo ni hadithi mbili mbali kabisa.

Hilo neno binamu lenyewe nimeliandika kwa kusita. Kwa asili ni mtoto wa ami, na hapa linakaa sawasawa. Lakini wasomaji wengi wa bara wakisoma binamu wanafikiria mtoto wa mjomba au wa shangazi. Mtoto wa baba mdogo kwao ni ndugu tu, basi. Nikiandika "ndugu", watadhani Hamad na Khalid walizaliwa na baba mmoja. Kwa miaka sasa najaribu njia zote mbili na hakuna inayoniridhisha. Siku hizi naandika kwa urefu: mtoto wa baba yake mdogo. Barghash alikuwa mdogo kwa Thuwaini, kwa hiyo ni sahihi, ingawa wahariri wananilalamikia kuwa sentensi inakuwa nzito. Acha iwe nzito.

Majina sitayakalia sana. Seyyid Said bin Sultan hakuitwa hivyo kwa kuwa baba yake alikuwa sultani. Baba yake jina lake ni Sultan, bin Ahmed, aliyeuawa 1804. Khalifa wako wawili, Ali wako wawili. Khalifa bin Haroub si mtoto wa Ali bin Hamoud aliyemtangulia. Ni shemeji yake, alimwoa Matuka binti Hamoud. Andika jina, la baba na la babu, angalau mara ya kwanza.

Linaloniuma zaidi ni la masuria, yaani wanawake watumwa ambao bwana wao aliishi nao kama wake. Katika miswada nasoma kuwa Barghash, au kaka yake Majid aliyetawala kabla yake, alikuwa "mtoto wa nje ya ndoa", mara nyingine "asiye halali". Huko ni kuchukua kipimo cha sheria nyingine na kuwapimia watu ambao hawakuishi chini yake. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria ambaye bwana amemkubali ni huru na halali, na anarithi sawa na mtoto wa mke. Mama naye hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Azza binti Seif, mke wa ndoa wa Seyyid Said, hakumzalia mtoto. Watoto wake Thuwaini, Turki, Majid, Barghash na binti yake Salme, wote mama zao walikuwa masuria. Ukiwatoa hao, wa Unguja na wa Oman, utabaki na nani wa kumwandika?

Ila sipendi pia neno "halali" lifunike jambo jingine. Wanawake hao walikuwa wamenunuliwa. Jilfidan, mama yake Salme, alikuwa Msharkasi, mtu wa Kaukasi, aliyetekwa akiwa mtoto. Nikimwandika "mke wa Seyyid" namsingizia cheo. Nikimwandika "mtumwa" tu nafuta nafasi aliyokuwa nayo kama mama wa binti mfalme. Naandika suria, kisha naeleza, na bado moyo hautulii.

Na bila mama hao huelewi kitu. Meje ndiye dada wa tumbo moja wa Barghash. Khaduj ndiye wa Majid. Salme alikuwa wa baba mmoja tu na wote wawili. Mama yake alikuwa shoga, yaani rafiki, wa mama yake Majid, ndiyo maana alihamia Bet il Watoro, nyumba ya Majid, na kulelewa karibu na Majid. Mwaka 1859, hajafika hata miaka kumi na sita, akawa mwandishi wa barua za waliotaka kumpindua Majid kwa ajili ya Barghash. Mwandishi akiandika "Salme alimsaidia kaka yake" na kuendelea mbele, amepoteza jambo lote, kwa sababu Majid aliyemwasi naye alikuwa kaka yake, tena wa nyumba aliyokulia.

Mswada nimeurudisha. Pembeni ya ukurasa wa pili nimeandika: "Hamad bin Thuwaini alipofariki, Khalid bin Barghash, mtoto wa baba yake mdogo, akaingia kasri."