Acheni kumwaga "lazima" kwenye miongozo ya asali

Nimeletewa tena rasimu ya mwongozo wa ukusanyaji asali, safari hii kutoka Sikonge, na pembeni mtu ameandika: "Weka lazima kila kifungu ili uwe na nguvu." Maoni haya nimeyasoma mno hapa Tabora, na wanaoyatoa ni watu makini, ndiyo maana naandika. Mwongozo uliojaa "lazima" hauna nguvu yoyote.

Kifungu chenye "lazima" kinampa mpokeaji wa asali kituoni amri moja: kisipotimizwa, ndoo inarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo kila "lazima" idai kitu kinachopimika. Unyevu tunaupima kwa kifaa kiitwacho refraktomita, na kiwango cha asali cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kinataka usizidi asilimia 20 kwa asali nyingi, maana maji yakizidi asali huchacha. Hapo andika "lazima" bila kusita. Lakini rasimu hiyohiyo inasema "lazima asali irinwe jioni". Jioni nyuki wametulia, ushauri ni mzuri, ila kituoni nani atajua ndoo ilijazwa saa ngapi? Mpokeaji akishazoea kukiruka kifungu hicho, na cha unyevu atakiruka, kwa kuwa vyote vimeandikwa kwa neno moja.

Wenzetu wa viwango vya intaneti walilisema hili kwenye waraka wao RFC 2119 wa 1997: maneno ya amri yatumike kwa uangalifu na kwa uchache. ISO, shirika la kimataifa la viwango, nao wanatenganisha sharti, ushauri, ruhusa na uwezekano. Mimi natumia "lazima", "inashauriwa", "inaruhusiwa" na "inaweza", kila moja kwa kazi yake. Na "lazima, inapowezekana" futeni kabisa.

Sasa ukanushaji, ambako ndiko tunakoumizana. "Mfugaji hatakiwi kuchuja asali kabla ya kuileta kituoni." Soma tena. Ni katazo, au ni kumwambia asijisumbue, kituo kitachuja? Sentensi hii nimesikia ikibishaniwa na watu wanaojua Kiswahili vizuri kabisa, na pande zote mbili zina haki. Mlinzi akikwambia "hutakiwi kupita hapa", amekuzuia. Karani akikwambia "hutakiwi kuleta picha, kitambulisho kinatosha", amekupunguzia mzigo. Neno ni lilelile. Mazungumzoni sauti na uso wa msemaji vinamaliza utata, karatasi haina uso. Kama unakataza, andika "ni marufuku kuchuja" au "hairuhusiwi". Kama ni hiari, andika "si lazima achuje". Ukiandika "hatakiwi", umemwachia mpokeaji atunge sheria mwenyewe, na wa Urambo atatunga tofauti na wa Kaliua.

"Inaweza" ina ugonjwa wa aina hiyo. "Ndoo ya plastiki inaweza kutumika": umeruhusu, au unaeleza tu kwamba asali haitavuja? Ruhusa iitwe ruhusa: "inaruhusiwa kutumia ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula." Kisha "inaweza" ibaki kwa mambo yanayotokea yenyewe, kama "ndoo iliyowahi kubeba mafuta ya taa inaweza kuiachia asali harufu."

"Anapaswa" inanishinda kuipangia mahali. Kuna wanaoisikia kama amri na kuna wanaoisikia kama nasaha, hivyo nimeiondoa kwenye rasimu zangu. Lakini "inashauriwa" ina harufu ya ofisi. Mzee mrina asali husema "ni vizuri ufanye hivi", na sina hakika kwamba namsaidia kwa kumletea msamiati ambao hautumii.

Shaka yangu kubwa zaidi ni vitenzi vya wakati ujao. Ibara ya 33 ya Katiba ya 1977 inasema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", na kila mwanasheria anajua hiyo ni amri. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, basi pengine viwango navyo vingefuata njia hiyo. Ila bandika ukutani "ndoo zitaoshwa kwa maji ya moto", uone wafugaji watakavyouliza: nani ataziosha, sisi au kituo? Wanaisoma kama ahadi, na sioni kosa lao. Kwa sasa naandika "lazima mfugaji aoshe ndoo", mtendaji akiwa ametajwa. Mwanasheria akidai "zitaoshwa", nitampa kwenye mkataba, karatasi ya ukutani aniachie.