Je, wajua kwa nini jinamizi hukaba zaidi alfajiri?

Umefumbua macho. Chandarua unakiona, jogoo wa jirani unamsikia, ila mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na kuna kitu kizito kimekukalia kifuani. Wenyewe husema wamekabwa na jinamizi. Hali hiyo hudumu sekunde kadhaa, mara chache dakika moja au mbili, ingawa anayekabwa ataapa ilikuwa nusu saa.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mwishoni mwa kila mzunguko huja kipindi cha ndoto, macho yakichezacheza chini ya kope. Hapo ubongo huufunga mwili: kemikali mbili, glaisini na GABA, huzima neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli. Ni breki ya lazima, la sivyo kila anayeota anapiga penalti angemvunja mwenzake mguu. Jinamizi ni fahamu kuamka wakati breki bado imeshikwa. Vipindi vya ndoto hurefuka kadiri kunavyokucha, kwa hiyo alfajiri ndipo nafasi ya kunaswa ni kubwa.

Na ule uzito? Breki haigusi macho wala kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Hewa inaingia. Lakini misuli ya mbavu imelegea, kwa hiyo ukitaka kuvuta pumzi ndefu inagoma, nawe unahisi umekandamizwa. Kulala chali kunazidisha, maana ulimi na nyama za koo hurudi nyuma na kubana njia ya hewa. Kivuli kilichosimama mlangoni ni ndoto ambayo haijakwisha, imepachikwa juu ya chumba halisi, huku sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu ikiwa imechachamaa.

Imani huongeza chumvi. Watafiti waliolinganisha Misri na Denmark waliona Wamisri, ambao wengi wao huhusisha hali hii na majini, hukabwa kwa muda mrefu zaidi na kwa hofu kubwa zaidi ya kufa. Kwetu, hofu ya Popobawa, pepo anayesemwa huvamia watu usiku wakiwa wamelala, ilipoanzia Pemba mwaka 1995 na kuvuka hadi Unguja, watu walitoka kulala nje kwa makundi wakikesha. Masimulizi mengi ya waliovamiwa yanafanana mno na jinamizi. Na kukesha kwa hofu ndiko hasa kunakoliita.

Likikukaba, usijitutumue kuinuka. Misuli mikubwa ndiyo iliyofungwa barabara, na kupigana nayo kunaongeza hofu tu. Liache tumbo lipumue lenyewe, pumzi fupifupi zinatosha. Zungusha macho, kisha elekeza nia yote kwenye kitu kidogo: kidole gumba cha mguu, ncha ya ulimi, kidole kimoja cha mkono. Kikitikisika tu, mara nyingi mwili wote hufunguka. Anayelala nawe mwambie mapema: akisikia unapumua kwa shida au unaguna, akuguse bega na kukuita jina.

Kosa la wengi huja baadaye: wanageuka na kulala papo hapo, chali vilevile, na linarudi. Keti, washa taa, nawa uso, kaa kama dakika 10, kisha lala ubavu. Anayejikuta chali kila mara ashone mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira wa tenisi.

Kinga yenyewe ni usingizi wa kutosha, saa 7 hadi 9 kwa mtu mzima, na kuamka saa ileile hata Jumapili. Walinzi, wauguzi wa zamu na wanafunzi wa kukesha hukabwa sana kwa sababu ratiba yao inavurugika. Anayeamka kula daku kisha akajilaza tena naye yumo, kwani anaweza kuzama moja kwa moja kwenye ndoto. Kahawa iishe muda wa saa sita nzima kabla ya kulala. Pombe ni mtego: usiku wa manane, inapopungua mwilini, ndoto hurudi kwa nguvu.

Jinamizi peke yake haliui. Muone daktari ukisinzia ovyo mchana hata baada ya kulala vizuri, au magoti na taya vikilegea ghafla unapocheka, kwani hizo ni dalili za nakolepsia, ugonjwa wa kusinzia ghafla usiozuilika. Vilevile ukikoroma huku pumzi ikikatika. Na ukiamka umeng'ata ulimi au umejikojolea bila kukumbuka lolote, usiliite jinamizi: kapimwe kifafa.