Kuvitembelea Vyuo Vikuu na Familia: Safari Inayofaa Kufanyika Kabla ya Matokeo

Kila mwezi Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, ofisi za udahili za vyuo vikuu hapa Tanzania hupokea familia zilizosafiri usiku kucha kwa basi ili kuja kukiona chuo ambacho mtoto wao anataka kuomba. Wazazi hao hustahili heshima kubwa, kwa kuwa wametumia fedha na siku zao kwa jambo lenye uzito. Hata hivyo, sisi tunaowapokea huona uchungu kuwaambia kwamba wamekuja wakati ambao cha kuonyesha ni majengo tu. Wanafunzi wako likizo ndefu au kwenye mafunzo kwa vitendo, kumbi za mihadhara zimefungwa, na mabweni yanafanyiwa ukarabati. Mtoto anapiga picha mbele ya bango la getini, familia inarudi nyumbani, na ndani ya wiki chache dirisha la udahili linafungwa.

Ushauri wangu ni kwamba safari hii ifanyike mapema zaidi, mtoto akiwa bado shuleni. Mwanafunzi wa kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei, na wengi wa waliomaliza huitwa muda mfupi baadaye kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo miezi ya katikati ya mwaka si yake. Nafasi nzuri ni likizo ya Desemba inayoutangulia mtihani huo, hasa siku za mwanzo za likizo, kabla vyuo navyo havijasimama kwa ajili ya Krismasi. Nendeni siku ya kazi, na mfike asubuhi. Ijumaa alasiri na mwisho wa juma hazifai, kwani hamtamkuta mhadhiri wala msajili, na wanafunzi wengi watakuwa wametawanyika.

Kabla ya kukata tiketi, kaeni mezani na mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Ndani yake mtakuta vyuo na programu zinazotambuliwa pamoja na sifa za kujiunga na kila programu. Sifa ya jumla kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A huhesabiwa 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Huo ni mlango wa chini kabisa. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Familia yenye mtoto wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, haina sababu ya kutumia siku nzima kwenye maabara za uhandisi kwa kuwa tu chuo hicho kina jina kubwa. Tahasusi ya mtoto, yaani mchanganyiko wa masomo anayosoma, ndiyo itakayochora njia ya safari.

Swali la pili, baada ya lile la sifa za kujiunga, linasahauliwa sana, nami naomba lipewe nafasi ya kutosha: programu hiyo inafundishwa wapi hasa? Chuo kimoja huweza kuwa na makazi kadhaa yaliyo mbali mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Mlimani, lakini Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, kiko Chang'ombe, na kile cha Mkwawa kiko Iringa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina kampasi Upanga, katikati ya jiji, na nyingine Mloganzila, upande wa Kibamba. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi kuu Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, lakini baadhi ya shahada zake, zikiwamo za ualimu wa sayansi, hufundishwa Mazimbu, katika kampasi ya Solomon Mahlangu, mahali palipokuwa shule ya wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini hadi walipoyakabidhi majengo kwa Tanzania mwaka 1992. Mzazi aliyeitembelea kampasi moja na kumpeleka mtoto kuishi nyingine hajaona kitu. Pigeni simu idarani, muulize, na mwandike jibu.

Kwa familia iliyo Dar es Salaam, au inayopita huko, njia ya Morogoro na Dodoma inafaa sana. Treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, mwaka huo ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, maana yake ni kwamba mzazi mmoja na kijana wake wangetumia 124,000 kwenda Dodoma na kurudi. Morogoro pekee ina Sokoine, Mzumbe iliyo nje ya mji kwenye barabara ya Iringa, Chuo Kikuu cha Waislamu pale Msamvu, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan. Msijaribu kuvimaliza vyote kwa siku moja. Chuo kimoja asubuhi na kingine alasiri vinatosha, na kama kuna shangazi au mjomba wa kuwalaza usiku mmoja, gharama itapungua na mtoto atakuwa na mwenyeji akianza masomo.

Si lazima familia nzima isafiri. Pale fedha zisipotosha, mtoto na mzazi mmoja, au kaka aliyekwishasoma chuo, wanaweza kwenda kwa niaba ya wengine. Maonesho ya elimu ya juu yanayoandaliwa na TCU katika viwanja vya Mnazi Mmoja yana manufaa kwa kuuliza maswali ya sifa na ada, ila meza yenye vipeperushi haimwonyeshi mtoto atakakolala.

Mkifika getini, elezeni shida yenu kwa walinzi na muombe kuelekezwa ofisi ya udahili, kisha idara husika. Hapo nawasihi wazazi kwa upendo: mwacheni mtoto aulize mwenyewe. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakikaa kimya saa nzima huku baba akiuliza kila kitu, na maswali ya kijana, ambayo ndiyo yangemsaidia, yakirudi naye nyumbani. Baada ya ofisi, mpeni saa mbili akae kantini na wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa programu anayoitaka. Hao watamweleza kama maabara ina vifaa vya kutosha, watu wangapi hugombea kiti darasani, nafasi za mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, hupatikanaje, na ni somo gani huwarudisha wengi kwenye mitihani ya marudio. Kama kijana ana ulemavu, tembeeni naye njia nzima kutoka bwenini hadi darasani na maktabani, kisha mwonaneni na ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Mzazi, wakati huo, afuatilie malazi. Vitanda vya mabweni ya chuo huwa vichache kuliko wanafunzi, na wengi hupanga vyumba mitaani, kama vile Changanyikeni kwa wa Mlimani au Ng'ong'ona kwa wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, jambo linaloumiza familia iliyokuwa ikitegemea mkopo peke yake. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Chukueni kiasi hicho, mkilinganishe na bei ya sahani ya wali maharage mtakayoikuta pale, nauli ya daladala ya kila siku na kodi ya chumba, mkiwa mmesimama mahali penyewe.

Mtu yeyote atakayewafuata nje ya geti akiahidi nafasi kwa malipo, mwacheni aende zake. Maombi hutumwa moja kwa moja kwa chuo, na hakuna wakala wa kupita naye.

Usiku wa kurudi, mtoto aandike alichokiona katika kila chuo kabla hakijachanganyika na kingine, na karatasi hiyo itunzwe na vyeti vyake. Matokeo yatakapotoka na akachaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, atatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo kimoja tu, kwa muda mfupi uliopangwa. Siku hiyo ataitoa karatasi yake, aisome tena, kisha athibitishe.