Je, wajua kwa nini mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini?

Mbuga ya Taifa ya Nairobi imezungushiwa ua wa umeme kaskazini, mashariki na magharibi. Kwa upande wa Lang'ata na wa Barabara ya Mombasa, waya ndio unaotenganisha simba na jiji. Kusini hakuna waya. Kuna mto Mbagathi tu, na ng'ambo yake ni kaunti ya Kajiado: maboma ya Wamaasai, shule, machimbo ya mawe, na ploti zinazozidi kuongezeka kuelekea Tuala na Kitengela.

Wengi jijini huamini kwamba pengo hilo ni uzembe, eti pesa ziliisha kabla kazi haijakamilika. Sivyo. Upande wa kusini umebaki wazi kwa sababu mbuga yenyewe haitoshi kuwaweka wanyama wake mwaka mzima. Ilipotangazwa tarehe 16 Desemba 1946, ikiwa mbuga ya taifa ya kwanza nchini Kenya, ilipewa kilomita za mraba 117. Maasai Mara ina takriban 1,500. Hizo 117 zilikuwa kona ya kaskazini ya nyanda kubwa za Athi na Kapiti, ambako nyumbu, pundamilia, kongoni na pofu walikuwa wakizunguka kabla hata reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Serikali ya kikoloni ilichora mpaka kwenye kona hiyo, na sehemu kubwa ya mzunguko wa wanyama ikabaki nje ya ramani.

Mzunguko wenyewe una jambo la kushangaza. Mtu angedhani nyumbu huhama kwa sababu ya njaa, kwamba kiangazi kikikaza ndipo wanapoondoka. Hapa ni kinyume chake: huondoka mvua inaponyesha, na kurudi mbugani wakati wa ukavu.

Sababu iko kwenye nyasi. Mbuga iko karibu na nyanda za juu, hivyo hupata mvua zaidi kuliko tambarare za kusini mashariki. Mvua ikikolea, nyasi za mbugani hurefuka na kutoa mabua magumu yenye virutubishi haba. Kule Kitengela na Kapiti mvua ni chache, nyasi hubaki fupi na changa, nazo huwa na madini zaidi, fosforasi na kalisi, ambayo nyumbu jike mwenye mimba au anayenyonyesha anayahitaji kuliko kitu kingine chochote. Tena kwenye nyasi fupi simba hana pa kujificha. Ndama wa nyumbu husimama na kukimbia dakika chache tu baada ya kuzaliwa, lakini mbio hizo humsaidia pale ambapo mama yake amemwona adui mapema. Kiangazi kikirudi, tambarare hukosa maji, na wanyama hurejea kwenye mito na mabwawa ya mbugani.

Nyasi za tambarare hazibaki fupi kwa sababu ya ukame peke yake. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Wamaasai huzila, na vizazi kwa vizazi wafugaji wamekuwa wakihama na mifugo yao kufuata mvua zile zile. Malisho ambayo nyumbu anayafuata ni kazi ya mfugaji pia. Hili halisemwi vya kutosha. Tumezoea kusikia kwamba mfugaji ni tishio kwa wanyamapori, ilhali kusini mwa Nairobi ndiye aliyewahifadhia nafasi, na bila mshahara wowote.

Gharama anayoibeba ni kubwa. Simba na fisi huingia bomani usiku. Mwezi Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita baada ya mifugo yao kuliwa. Machi 2016, simba dume maarufu aliyeitwa Mohawk alifika hadi Isinya, akamjeruhi mtu, na askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS, wakampiga risasi akafa. Huzuni ya jijini ilikuwa kubwa siku ile, na ilistahili. Ila ng'ombe anayeliwa Empakasi, kusini mwa mbuga, hatangazwi popote.

Kuna hasara nyingine ambayo watu wa mjini hawaijui. Ndama wa nyumbu, katika miezi yake ya kwanza, hubeba virusi visivyomdhuru yeye lakini vinavyomuua ng'ombe. Ng'ombe aliyeambukizwa hupata homa kali, macho na pua hutoka maji mazito, na ni nadra apone. Basi nyumbu wanapozaa kwenye nyasi bora, mfugaji hulazimika kuhamisha mifugo yake kutoka kwenye ardhi yake mwenyewe hadi malisho duni. Anampisha nyumbu, na hakuna anayemlipa kwa hilo.

Kwa hiyo anayedai ua wa kusini ana hoja ya haki. Hata hivyo naupinga ua huo, na sababu zangu haziko mbali kuzitafuta. Botswana ilijenga uzio wa Kuke mwishoni mwa miaka ya 1950 kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Ukame wa miaka ya 1980 ulipofika, makumi ya maelfu ya nyumbu wa Kalahari walikufa wakiwa wamezuiwa kuyafikia maji waliyozoea kuyafuata. Hapa kwetu, mbuga ya Ziwa Nakuru imezungushiwa ua pande zote, na wanyama wakizidi humo hawana pa kwenda ila kupakiwa kwenye malori. Vifaru wanaweza kuishi vizuri ndani ya waya, kwa kuwa hulindwa dhidi ya majangili. Nyumbu hawawezi kubaki kundi la wahamaji.

Lakini waya si lazima uwekwe na serikali ndipo ufanye kazi ya waya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila familia ikapata hati miliki yake. Ukawa mwanzo wa kuuza. Viwanda vilikua Athi River, jiji likapanuka, na ekari mia moja zikakatwa hadi ploti za robo ekari, kila moja na ua wake. Katika miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu; kufikia miaka ya 2010 walikuwa wamebaki elfu chache. Reli mpya ya kwenda Naivasha, iliyofunguliwa 2019, ilizua kesi na maandamano kwa kupita juu ya mbuga kwa daraja, na ubishi huo ulikuwa wa haki. Kufungwa kwa kusini hakukupata kelele kama hizo, kwa sababu kulitokea ploti moja baada ya nyingine.

Jaribio lililonipa matumaini zaidi lilianza mwaka 2000. Mwenye ardhi alilipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa awamu zilizolingana na mihula ya shule ili karo ilipwe, naye akakubali kutoweka ua, kutolima, kutochimba mawe na kutoua wanyama. Familia nyingi zilijiunga. Udhaifu wake ulikuwa kwamba pesa zilitegemea wafadhili, na mfadhili huchoka, huku robo ekari ikiuzwa kwa laki kadhaa. Kitu kingine kilichosaidia kilitoka kwa mvulana wa hapo hapo, Richard Turere, aliyeunganisha betri ya gari, sola na taa zinazomulika kwa zamu hadi simba wakadhani mtu anatembea na tochi. Wengi waliiga, na simba wakaepuka maboma hayo.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatoa fidia kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na kwa mifugo iliyoliwa, ila malipo huchelewa mno. Mwaka 2020, rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga hadi 2030 iliamsha tena mjadala wa ua wa kusini, na wengi wakaupinga.

Upande wa mashariki bado kuna ranchi ya Kapiti, hekta 13,000 zisizokatwa ploti. Ili nyumbu afike huko kutoka mbugani, lazima avuke barabara ya Namanga na kupita kwenye mashamba ya watu binafsi. Mtalii hulipa ada ya lango ili amwone pundamilia mbugani. Mwenye shamba ambaye pundamilia huyo alilala kwake juzi hapati sehemu yoyote iliyowekwa na sheria kutoka kwenye tiketi hiyo. Kiasi fulani cha ada ya lango kingetengwa kwa ajili ya kukodi njia hiyo kwa mikataba ya miaka mingi, kikilipwa kwa wakati kama mshahara, familia nyingi za Kajiado zingekuwa na sababu ya kukataa ofa ya dalali wa ploti. Ndiyo hoja ya kupelekwa bungeni na kwenye kaunti sasa, wakati njia bado inapitika.