Chama hakigawanywi kama shamba la urithi

Tangu mikutano ya hadhara iruhusiwe tena Januari 2023, dawati letu la elimu kwa umma kuhusu usajili wa vyama vya siasa halitui Tanga bila kukutana na mtu wa mrengo wa kushoto anayelalamika kwamba wenzake wameusaliti ujamaa, na kwa hiyo chama kirudishwe kwa wenyewe. Safari hii ilikuwa Ngamiani. Mzee mmoja alifungua mfuko wa nailoni, akatoa kadi ya TANU iliyofifia wino na karatasi nne za saini. "Mwanangu, hawa walioko ofisini si wajamaa. Wafutie jina la chama, utupe sisi."

Shikamoo alipata, jina hakupata.

Ujamaa hauna hatimiliki. Ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa. CCM imeuandika katika katiba yake, na ACT-Wazalendo, chama cha upinzani, nao walitoa Azimio la Tabora mwaka 2015 kutaka kuuhuisha. Nani mjamaa wa kweli, bishaneni barazani hadi kahawa ipoe. Msajili wa Vyama hapimi itikadi ya mtu moyoni. Anatazama katiba ya chama, mihtasari ya vikao na viongozi waliopatikana kwa vikao hivyo. Saini za barazani si mkutano mkuu. Tumelisema hili mara ngapi?

Anayetaka kutoka, atoke. Zuberi Mtemvu alipopinga uamuzi wa TANU, uliopitishwa Tabora mwaka 1958, wa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia), alikwenda kuanzisha chama chake, African National Congress (ANC). Siku hizi unaanza na usajili wa muda. Unadumu siku 180, na katika kipindi hicho chama hakiruhusiwi kusimamisha mgombea wala kumfanyia kampeni mgombea yeyote. Kabla haujaisha, uwe umepata wanachama wasiopungua 200 wenye sifa za kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake iwe Zanzibar: mmoja Unguja, mmoja Pemba. Saini za Tanga hata zikifika elfu tano, huo ni mkoa mmoja. Siku zikipita bila kutimiza, usajili wa muda umekufa. Na mbunge anayetoka nanyi ajue kwamba kwa ibara ya 71 ya Katiba, akiacha kuwa mwanachama wa chama chake, kiti nacho kimeondoka. Mgombea binafsi hatuna, kwa hiyo msimwahidi kwamba atarudi hivyo.

Wengine wanataka kuungana, na hapa ndipo maneno yanapochanganywa. Tarehe 5 Februari 1977 TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar vilivunjwa vyote viwili, ikazaliwa CCM. Huko ndiko kuungana. UKAWA ya 2015 ilikuwa kitu kingine: vyama vinne vya upinzani viliachiana majimbo, lakini kila kimoja kilibaki na usajili wake, na Edward Lowassa aligombea urais kwa tiketi ya CHADEMA kwa sababu UKAWA haikuwa chama. Marekebisho ya sheria ya 2019 sasa yanatambua ushirikiano wa namna hiyo, ila makubaliano yawe ya maandishi na yawasilishwe kwa Msajili. Kushikana mikono juu jukwaani, pale uwanja wa Tangamano, hakutoshi.

Mzee alisikiliza yote, akazikunja karatasi zake nne pamoja na kadi, kisha akauliza nauli ya boti ya Pemba siku hizi ni kiasi gani.