Mbwa ana mafua? Rudisha hiyo Panadol kabatini

Maswali haya tunaulizwa kliniki mwaka mzima, na mvua zikianza yanazidi. Mengi huulizwa mgonjwa akiwa ameshalala mezani, hainui hata kichwa.

Kwani mbwa naye anapata mafua?
Anapata, ila ana vijidudu vyake. Mafua yako ya kawaida hayampati. Chafya mbili tatu na kamasi jepesi kwa mbwa anayekula na kucheza si jambo la kukukosesha usingizi.

Anakohoa kama amekwamwa na kitu kooni. Ni nini?
Mara nyingi ni kikohozi cha kuambukizana, kile wanachokipata mbwa wakikutanishwa banda moja. Huanza siku 3 hadi 10 baada ya kuchanganyika na wenzake. Ni kikohozi kikavu cha kukwaruza, na mwishoni anajikamua kama anataka kutapika, anatoa povu jeupe. Ukimvuta mkanda wa shingo kinazidi, kwa hiyo uvue, umfunge wa kifuani. Mtenge na wenzake, umwondoe kwenye moshi wa mkaa. Mbwa mzima mwenye afya hupona ndani ya wiki 1 hadi 3.

Nimpe Panadol kidogo kushusha homa?
Hapana. Kwanza, homa hiyo umeipima na nini? Pua kavu si homa. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 na ushee hadi 39, kwa hiyo ukimgusa lazima utamwona wa moto. Pili, parasetamo, dawa iliyo ndani ya Panadol, ikimzidi inaharibu ini na kuifanya damu ishindwe kubeba hewa. Fizi zinageuka rangi ya udongo, uso unavimba.

Nusu kidonge je?
Hapana. Ndogo yako wewe si ndogo kwa mbwa wa kilo nne. Daktari akiamua kuitumia, amempima uzito na kujua ini lake likoje. Wewe umekadiria kwa macho.

Basi ile ya maji, ya watoto?
Ni dawa ileile, imetiwa sukari na rangi. Hapana. Na baadhi ya dawa za maji zina zailitoli, utamu usiomdhuru mtoto lakini unaoshusha sukari ya mbwa hadi anaanguka.

Diklofenaki? Jirani alimpa wake, akapona.
Jirani alibahatika. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuua figo. Tunaletewa mbwa anayetapika damu, kinyesi cheusi cha kunata, na mwenyewe anasema, "Daktari, alikuwa na mafua tu." Mafua hayatoi kinyesi cheusi. Kidonge ndicho kilichofanya hivyo. Na kapsuli za antibiotiki zilizobaki mlipougua nyumbani, ziacheni hukohuko.

Tangawizi na ndimu? Mafuta ya kula?
Usimkabe mbwa mdomo na kumnywesha kitu kwa nguvu. Mafuta yakipotea njia yanaingia mapafuni, na kikohozi kidogo kinakuwa nimonia. Mpe maji safi na chakula laini chenye uvuguvugu, ale mwenyewe.

Lini nisisubiri?
Tongotongo za usaha, kamasi zito la njano au kijani, kugoma chakula, au mgonjwa ni mtoto wa mbwa: usisubiri, njoo leo. Akilala, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Mara kwa mara kikipita 30, njoo. Fizi zikiwa nyeupe au za bluu, usimalizie hata kusoma hapa. Damu puani pia mlete, huku kwetu wa kwanza kushukiwa ni ugonjwa unaoletwa na kupe.

Tunachokiogopa ni distempa, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na kirusi. Inaanza hivihivi, macho na pua, watu wanaita mafua. Baadaye kunafuata kuhara, nimonia, kisha misuli kurukaruka na degedege. Dawa ya kukiua kirusi chenyewe haipo, tunamtegemeza tu mbwa apambane. Ndicho kirusi kilichoua takribani theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Sasa pima mwenyewe ule "ngoja tuone wiki hii".

Wangu amechanjwa.
Chanjo gani? Leta kadi. Wengi wana ile ya kichaa cha mbwa peke yake, nayo haizuii distempa. Ya distempa huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, kisha mwaka unaofuata.

Nimchungulie kooni, labda ni mfupa?
Usitie mkono. Mbwa anayetoa mate, aliyebadilika sauti na kushindwa kumeza anaweza kuwa na kichaa, na wengi hudhani ni mfupa. Mfungie, piga simu. Kama mate yameshakugusa kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali ya watu siku hiyohiyo.

Nimeshampa Panadol jana usiku. Mbona anatikisa mkia?
Mlete hata akitikisa mkia. Ini huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuonyesha limeumia, na dawa ya kukata sumu hiyo hufaa zaidi saa za mwanzo. Usimpe maziwa, usimtapishe kwa maji ya chumvi. Beba pakiti yenyewe, utuambie ni vidonge vingapi na saa ngapi. Na utuambie kweli. Hatuna muda wa kukugombeza, tunataka hesabu.